Lipu Rajabu, Rangi Shaabani: Mwongozo Kamili wa Kukarabati Nyumba kwa Ajili ya Idi Ukiwa na Watoto Wadogo

Mwaka 2022 nilianza kupaka rangi nyumba yetu kumi la mwisho la Ramadhani. Idi iliangukia mwanzoni mwa Mei, na hapa Tanga mwanzoni mwa Mei ni masika yenyewe. Rangi ya mafuta tuliyopaka ukumbini haikukauka. Fundi alikuwa ameshachukua pesa yake yote, na tarehe 27 hakuonekana tena. Watoto wangu watatu walilala siku nne sebuleni juu ya mkeka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, harufu ya tina ya kuzimulia rangi imejaa nyumba nzima. Mdogo, aliyekuwa hajatimiza mwaka, alibanwa na kifua usiku wa kuamkia Idi, tukapishana na takbira njiani tukielekea hospitali.

Alipona. Lakini tangu siku hiyo nimekarabati nyumba hii kidogo kidogo kila mwaka kwa utaratibu mwingine, na ndio ninaoueleza hapa. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Ukikaa nyumba ya namna nyingine utapunguza au utaongeza.

Hesabu kuanzia Idi, urudi nyuma

Watu wengi huhesabu kuanzia siku wanayopata pesa. Wewe hesabu kuanzia Idi. Lipu mpya ya saruji inahitaji siku kama 28 kabla ya kupakwa rangi, maana maji yaliyo ndani yake lazima yatoke kwanza. Ukiiwahi kwa rangi, itavimba na kubanduka. Siku 28 ni karibu mwezi mzima wa kalenda yetu. Kwa hiyo mambo yanajipanga yenyewe: bati na lipu Rajabu, rangi Shaabani, na Ramadhani ibaki ya usafi, mapazia na ibada. Fundi asiingie nyumbani kwako tena baada ya vunja jungu.

Angalia pia mvua. Idi hurudi nyuma kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, katikati ya masika. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Mwaka 2027 inatarajiwa karibu na Machi 10, maana yake Rajabu itaanza Desemba, vuli ikiwa inamalizika, na Shaabani itaangukia Januari, kaskazi inavuma na jua ni kali. Miaka michache ijayo ni mizuri sana kwa mwenye kupaka rangi pwani.

Na usisahau kwamba mwezi unaweza kuandama siku ya 29. Ratiba yako yote imalizike kana kwamba Ramadhani ina siku 29.

Pita nyumba nzima siku ya mvua

Kabla ya kumwita fundi yeyote, subiri mvua inyeshe, ushike kalamu na daftari, utembee chumba kwa chumba. Andika panapovuja, panapotoa unyevu, panaponuka ukungu. Kisha piga magoti. Nazungumza kwa dhati: piga magoti uangalie nyumba kutoka kimo cha mtoto wa miaka miwili. Utaona soketi iliyolegea nyuma ya kabati, msumari uliochomoza kwenye kizingiti, rangi iliyobanduka kwenye fremu ya dirisha pale anaposimama kuchungulia barabarani, mdomo wake ukiwa juu ya mbao hiyo hiyo.

Orodha yako itakuwa ndefu. Chagua vitu vitatu tu kwa mwaka mmoja. Mimi huchagua kimoja kinachozuia maji, kimoja kinacholinda watoto, na kimoja cha kupendeza macho. Mwaka jana vilikuwa bati la jikoni, waya za chumba cha watoto, na rangi ya baraza. Familia zinazotaka kufanya yote kwa mkupuo mmoja ndizo zinazoamkia Idi na saruji mlangoni.

Kabla hujapanga pesa ya rangi, ondoa kwanza ya fitri. Pishi moja ni kama kilo mbili na nusu za chakula kwa kila kichwa, pamoja na watoto. Sisi tuko sita, kwa hiyo kilo 15 za mchele haziguswi hata ukuta ukibaki mtupu. Na nguo za watoto. Mtoto haoni silingi bodi mpya, anaona viatu.

Chagua chumba ambacho fundi haingii

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu, kwa hiyo nakiombea subira yako. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, nyumba isikarabatiwe yote kwa wakati mmoja. Chagua chumba kimoja, kiwe upande unakotoka upepo, kiwe safi, kisiwekwe mfuko wa saruji wala kopo la rangi hata kwa saa moja. Humo ndimo watoto watalala, watakula na watacheza. Mlango wake weka kitambaa kilicholowa chini, kwenye upenyo, ili vumbi lisipite. Ukimaliza chumba cha kwanza na kikakauka, ndipo unahamia cha pili.

Kama chumba cha namna hiyo hakipatikani, omba. Mama mkwe wangu anakaa barabara tatu kutoka kwetu. Nilimwambia, "Mama, naomba wajukuu wako siku tano." Akanijibu, "Mbona umechelewa kuomba?" Akina mama wengi wanaona aibu kuomba, wanabaki na watoto ndani ya vumbi. Shangazi, bibi, jirani wa miaka mingi, wote hao wapo kwa ajili ya siku kama hizi.

Rajabu: anza juu, shuka chini

Bati kwanza. Hakuna maana ya kupaka ukuta chini ya paa linalovuja. Mara nyingi bati zima halina tatizo, tatizo ni misumari: kipira kimeoza na kutu imeongeza tundu. Fundi abadilishe misumari na kuziba kwa lami, asikuuzie bati jipya bila sababu. Kama paa lako ni la zile shuka za zamani za asbestosi, usiruhusu mtu azikate, azitoboe wala azivunje watoto wakiwa karibu. Nyuzi zake ndogo zikivutwa huingia mapafuni na kukaa huko. Tafuta ushauri wa halmashauri kabla ya kuzigusa.

Kisha ukuta wa chumvi. Kila anayekaa karibu na bahari anaujua. Rangi inavimba mapovu, unaibonyeza kwa kidole inapasuka kama ganda la kitunguu, na ndani kuna unga mweupe laini, ukiuonja ni chumvi. Wengi huukwangua, wakapiga lipu ya saruji nzito, wakafunika kwa rangi ya mafuta. Mwaka haupiti, unatoka tena, safari hii juu zaidi. Unyevu umezibiwa njia, kwa hiyo unapanda kutafuta pa kutokea.

Fanya hivi. Tafuta kwanza maji yanakotoka: bafu lililo upande wa pili, ardhi ya nje iliyopanda juu ya msingi, au maji ya mapaa yanayoruka na kupiga ukuta. Yazuie. Usioshe ile chumvi kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani. Ipige brashi kavu ngumu, uikusanye kwenye gazeti, uitupe mbali. Bandua lipu iliyooza hadi shubiri mbili juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta wazi upumue kwa wiki kadhaa, na hapa ndipo kuanza mapema kunapokulipa. Lipu mpya iwe ya chokaa na mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa pwani uukatae hata ukipewa bure, kwa sababu unakuja na chumvi yake. Juu yake paka chokaa au rangi ya maji tu.

Tahadhari mbili za watoto katika mwezi huu. Chokaa na saruji mbichi huunguza ngozi na macho. Ikimrukia mtoto jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, huku ukimfungua kope, halafu nenda hospitali. Ya pili ni ndoo. Lipu ya saruji inamwagiliwa maji kwa siku saba, na mafundi huacha ndoo ya lita 20 imejaa pembeni. Mtoto anayeanza kutembea akiinamia ndoo hiyo, kichwa kinamzidi uzito, na maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha kimya kimya. Mwambie fundi tangu siku ya kwanza: ndoo ikimaliza kazi, inapinduliwa.

Rangi ya zamani ni hatari kuliko mpya

Milango na madirisha ya nyumba za zamani yana matabaka ya rangi ya mafuta ya miaka mingi. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi, yaleyale yanayotumika kwenye betri za magari. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haoni wala hahisi. Anapitisha mkono sakafuni, anaupeleka mdomoni.

Kwa hiyo kama rangi ya zamani bado imeshika vizuri, usiikwangue. Ifute, ipake mpya juu yake. Kama imebanduka, ilowanishe kwanza kwa maji ndipo uikwangue, na msasa utumike ukiwa umelowa. Usikubali fundi apige msasa mkavu, wala aichome kwa moto. Tandika turubai chini, kunja mabaki yote ndani yake, futa sakafu kwa kitambaa cha maji mara mbili. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani. Nguo za fundi zisichanganywe na za watoto kwenye beseni moja. Na unaponunua rangi mpya, soma kopo: tafuta iliyoandikwa haina risasi, au iliyo chini ya sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa kimataifa.

Shaabani: rangi, na hesabu yake

Usimwachie fundi peke yake hesabu ya rangi. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5, ukuta wenye urefu wa mita 2.7. Mzunguko ni mita 13. Zidisha kwa 2.7, unapata kama mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki 31 na kitu. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, na unahitaji mikono miwili. Chumba hicho kinataka lita sita hadi saba. Vyumba vinne vya namna hiyo, ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita nne zinatosha, na kidogo kitabaki. Kitakachobaki utakihitaji.

Rangi nyeupe tupu sishauri kwenye nyumba yenye watoto. Sisi tumepaka krimu iliyokolea, na ukumbini mita moja ya chini tumepaka rangi ya mafuta ya kahawia ili alama za mikono zifutike kwa sponji na sabuni. Ukuta wa chumvi, kama nilivyosema, usiupake mafuta hata hapo chini.

Penye ukungu, safisha kwanza kwa jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, watoto wakiwa nje. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake unaua.

Paka kuanzia saa mbili au saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, na umalize mapema ili ukuta upate upepo wa mchana. Rangi ya maji subiri muda wa saa nne kabla ya mkono wa pili. Ya mafuta iachie siku nzima, na siku za unyevu iachie mbili. Kanuni ya nyumbani kwangu: chumba cha rangi ya maji watoto hawalali hadi siku tatu zipite, cha rangi ya mafuta hadi wiki, na kabla ya kurudi mimi mwenyewe naingia alfajiri mlango ukiwa umefungwa usiku kucha, nanusa. Ikinuka, bado.

Tina na mafuta ya taa vibaki kwenye makopo yake, vifungiwe juu. Mafundi wana tabia ya kumimina kidogo kwenye chupa ya soda au ya maji, na mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, usimtapishe, usimnyweshe maziwa kwa nguvu. Mafuta yakipanda tena koo huingia mapafuni, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi ili daktari ajue ni nini.

Watoto watataka kusaidia. Wape kazi yao kweli. Kijana wangu wa miaka mitano nampa brashi kuukuu na kopo la maji, anapaka ukuta wa nje, upande wa jua. Saruji inageuka nyeusi anapopitisha brashi, anasimama kuitazama, inapauka taratibu, anaanza tena kuanzia kona ya kwanza. Ana saa nzima pale, jasho linamtoka, akiniita, "Mama, njoo uone, umekolea!" Uani pia tumewaachia ukuta mmoja wa kuchora kwa mkaa. Tangu tuwape huo, kuta za ndani zimepona.

Fundi na pesa yake

Tenganisha pesa ya vifaa na ya ufundi. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi lipa kwa hatua: kianzio cha robo, nusu kazi ikifika katikati na ukaikagua, robo ya mwisho ukiridhika. Yaandikeni hayo kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala, pamoja na tarehe ya kumaliza. Mimi nililipa yote kwa kuona haya, kwa sababu alisema mtoto anaumwa, nikabaki na ukumbi nusu.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Akimaliza, mlipe siku hiyohiyo, kabla jasho lake halijakauka. Fundi naye ana watoto wanaosubiri nguo za sikukuu. Na ikitokea kazi ndogo imeingia ndani ya Ramadhani, mwache afanye asubuhi na aondoke adhuhuri. Mtu aliyefunga hapandi paa saa nane mchana.

Ramadhani ni ya nyumba iliyotulia

Mwezi ukiandama, vifaa vyote viwe vimeondoka. Kinachobaki ni kufua mapazia, kuosha vyandarua, kuanika magodoro, kung'arisha sinia na chetezo. Gawa: juma la kwanza vyumba, la pili jikoni na uani, la tatu ukumbi na baraza. Kumi la mwisho usijipangie kazi yoyote ya nyumba. Unapika futari, unaamka daku, una mtoto anayenyonya; mwili huo hauna ziada.

Udi usifukizwe kwenye chumba chenye harufu ya rangi ya mafuta au tina. Mkaa wa chetezo na mvuke ule havipatani. Fungua madirisha, subiri, harufu iishe.

Usiku wa Idi

Sasa nije kwenye kitu kidogo kinachoharibu kuta nyingi kuliko mvua: hina. Mtoto amepakwa hina mikono miwili, anapita ukumbini usiku akijishikiza, na asubuhi una viganja vitano vyekundu kwenye krimu mpya. Hina haifutiki ukutani. Wapakieni uani, juu ya mkeka, saa za jioni na si usiku, mkononi mwa kushoto kwanza. Ikikauka, kwangueni pale pale. Kama mtoto atalala nayo, mfunge mikono kwa vitambaa laini na umtandikie khanga kuukuu. Na iwe hina ya majani tu. Piko nyeusi, ambayo kwa kweli ni rangi ya nywele, inaweza kumchoma ngozi na kumwachia malengelenge. Mtoto asipakwe hata akililia.

Nguo zitundikwe juu, viatu vipangwe mlangoni kwa saizi. Tambi na kaimati pika alfajiri, mafuta ya moto yakiwa jiko la nyuma na mpini wa kikaango umeelekea ukutani. Sahani ya kwanza ipelekwe kwa jirani na mtoto mkubwa, anayeweza kutembea bila kumwaga.

Wageni watakuja Idi Mosi na Idi Pili, watoto wa mtaa wataingia wakidai sikukuu zao, watashika kila ukuta. Waache. Ile rangi iliyobaki itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, uijaze karibu na mdomo ili hewa isikaushe, uandike juu yake namba ya rangi, jina la chumba na mwaka. Idi Tatu, watoto wakiwa wamelala mchana kwa uchovu wa sikukuu, chukua brashi ndogo, pita ukumbini, uguse panapohitaji.